Kabla hamjanunua ile nissan kuukuu mzuru nchi, kila mmoja awe na nauli yake ya kurudi

KUNA ndoto moja inayozunguka sana kwenye simu za vijana siku hizi. Wapenzi wawili, gari kuukuu lililong'olewa viti, godoro nyuma, vitaa vya kumetameta, mlango uko wazi na bahari ile pale. Unaitazama video yenyewe ukiwa kwenye foleni ya Changamwe, jasho linakutiririka, trela mbele, trela nyuma. Unamtumia mwenzako na kumwandikia: "Sisi lini?"

Jibu langu ni kwamba hata mwaka huu inawezekana. Siko hapa kuwavunja moyo. Ila kuna swali ambalo video hizo haziulizi, na nataka mlijibu kabla hamjatoa hata shilingi moja: siku mambo yakiharibika, gari likizima au penzi likizima, kila mmoja wenu ataweza kurudi nyumbani kivyake? Kama jibu ni la kwa mmoja wenu, basi tatizo lenu si gari. Msiende kwanza.

Najua wazazi wengi na marafiki watawaambia kinyume. Watawaambia shida ni lile gari. "Kigari hicho kitawalaza Mackinnon." Hebu tuanze hapo basi, manake hofu ya gari ndiyo kubwa kwa watu, na kwangu mimi ndiyo ndogo.

Sisi wa Kipevu na mitaa ya jirani tunaishi mlangoni mwa magari. Meli zinashusha bandarini, yadi za Changamwe na Port Reitz zinajaa, na wengine wetu tunakula kwa kazi hiyo hiyo: kusafisha, kulinda, kupeleka makaratasi, kuendesha hadi Nairobi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari lililopitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza kule litokako. Kwa hivyo gari linaloitwa kuukuu hapa kwetu limeshafika, likauzwa, likatumika tena miaka mingi. Nyingi ya hizi nissan (na tunaziita nissan hata zikiwa Toyota HiAce) zimebeba abiria 14 kutoka alfajiri hadi usiku, kisha zikastaafishwa. Ndizo vijana wanaweza kumudu. Gari la kulala ndani lililotengenezewa kazi hiyo huko Ulaya bei yake ni ya nyumba.

Sasa, uzee wa gari peke yake haujamzuia mtu. Kuna wanandoa wa Uswisi, Emil na Liliana Schmid, waliotoka kwao mwaka wa 1984 na Toyota Land Cruiser yao ya mwaka wa 1982. Walikusudia mwaka mmoja. Ukawa miongo, na wamepita kilomita 700,000 na gari lile lile. Mjerumani Gunther Holtorf naye alianza mwishoni mwa miaka ya 1980, hapa hapa Afrika, na gari la Mercedes alilolipa jina la Otto. Yeye na mwenzake Christine walilala ndani ya Otto miaka na mikaka. Christine alifariki mwaka wa 2010, Holtorf akaendelea hadi 2014, na hesabu ya Otto ilikuwa imekaribia kilomita 900,000. Leo gari hilo liko kwenye jumba la makumbusho la Mercedes-Benz kule Stuttgart.

Ukisikia hadithi hizo usikimbilie kusema "basi hata yetu itafika." Tofauti ni kubwa. Wale walizeeka pamoja na magari yao. Holtorf alilitengeneza Otto kwa mikono yake, na alikuwa anajua kila mlio wake. Wewe unanunua uchovu wa mtu mwingine. Hujui dereva wa kwanza alikanyaga vipi, hujui injini ilichemsha mara ngapi, hujui ajali gani imefichwa chini ya rangi mpya. Kwa hivyo gari kuukuu linafaa, lakini mpaka ulisome.

Kulisoma kwenyewe si uchawi. Hapa pwani adui wa kwanza ni kutu. Hewa ya chumvi inakula bodi kutoka chini, mahali ambapo video haifiki. Lala chini ya gari na tochi, gonga fremu na kingo za milango kwa bisibisi. Ikizama, ondoka, hata kama ndani kumepambwa kama chumba cha bibi harusi. Pili, injini ya HiAce za aina ya shark iko chini ya viti vya mbele. Maana yake joto lote mnalikalia. Liendeshe saa nzima mchana, si dakika tano za kuzunguka gereji, kisha angalia kipimo cha joto na rejeta. Tatu, breki na tairi. Pesa ya rangi, mapazia na vile vitaa itoke baada ya hizo tatu kuisha, si kabla.

Na makaratasi je? Kitabu cha gari kiwe kwa jina la mmoja wenu, siyo la "jamaa fulani atakuja kubadilisha baadaye". Ukiwa umeng'oa viti vya abiria na kuliweka kitanda, hilo si matatu tena, kwa hivyo uliza NTSA kuhusu ukaguzi na kubadilisha maelezo yake, na uhakikishe bima inalingana na kazi gari linayofanya. Vinginevyo kila kizuizi cha polisi kitakuwa mazungumzo marefu.

Haya, hilo ni gari. Mkilisoma vizuri, likiharibika ni fundi tu na spea. Barabara ya kutoka Mazeras hadi Voi haikosi mafundi. Tairi likipasuka unabadilisha. Rejeta likivuja utapata mtu wa kuliziba. Lakini wawili waliomo ndani, wakiharibikiwa nani atawatengeneza?

Fikiria hali hii. Wewe ni binti wa miaka 24, umeingia safarini na mpenzi wako. Gari ni lake, liko kwa jina lake. Funguo ni moja, iko mfukoni mwake. Akiba yenu mliiweka pamoja kwenye laini yake ya M-Pesa kwa sababu "ni rahisi". Leseni unayo ya kuwa nayo tu, hujawahi kulishika usukani gari kubwa. Siku ya 6 mko nje ya Taveta, gari limezima, mmegombana tangu asubuhi, na anaanza kukuongelesha kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia. Utafanya nini? Utampigia nani, na utapanda nini?

Igeuze. Wewe ni kijana wa kiume, umeuza pikipiki yako mkaongezea pesa za dada huyo mkanunua gari, na kitabu kiko kwa jina lake. Mmekosana Tanga. Amesema anaondoka na gari. Una kitambulisho na simu yenye asilimia 12 ya chaji. Nawe utafanya nini?

Hakuna hata mmoja hapo ambaye lazima awe mtu mbaya. Watu wazuri nao huchoka. Joto, mbu, usingizi mbovu, njaa na choo cha mbali vinaweza kumtoa mtu yeyote kwenye adabu zake. Nyumbani mkikosana, mmoja anakwenda kwa mama, mwingine anashinda kijiweni, jioni hasira zimepoa. Kwenye gari lenye upana wa godoro moja, hakuna kijiwe. Kwa hivyo usiseme "mwenzangu si mtu wa hivyo." Sema, "hata tukifika huko, kila mmoja wetu bado ana mlango wa kutokea."

Mlango huo una vitu vitatu, na vyote ni vya bei nafuu.

Cha kwanza ni nauli. Kila mmoja awe na pesa ya basi ya kumrudisha hadi Changamwe kutoka mahali pa mbali zaidi mtakapofika, pamoja na chakula cha siku moja na kitanda cha usiku mmoja. Ikae kwenye laini yake mwenyewe, mwenzake asiiguse, na isihesabiwe kwenye bajeti ya safari. Gari likihitaji spea, hiyo si pesa ya spea. Mkiishiwa mafuta, hiyo si pesa ya mafuta. Ikibidi kuigusa, basi safari imekwisha, mnageuka.

Cha pili ni usukani. Wote wawili wawe na leseni halali na wawe wamelizoea gari lenyewe. Mmoja akipatwa na homa ya malaria usiku wa manane nje ya Mwatate, yule mwingine hawezi kuanza kujifunza klachi hapo. Na wote wajue kubadilisha tairi, kupima oili, na kutofungua kifuniko cha rejeta lililochemka. Niseme wazi, manake bado nawasikia watu: eti hiyo ni kazi ya mwanamume. Gari likizima njiani halitaangalia nani kavaa nini.

Cha tatu ni funguo. Chongesheni ya pili. Kila mmoja na yake.

Najua jibu litakalokuja, hasa kutoka kwa wale waliopendana juzi: "Kama tunaaminiana, nauli ya siri ya nini? Si hiyo ni dalili ya kutoaminiana?" Kwanza, sikusema ya siri. Waambiane, hata kiasi chake. Pili, hebu tuwatazame wazee wetu wa baharini. Majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba yalikuja pwani hii kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Nahodha hakung'oa nanga bila kujua upepo wa kumrudisha unaanza lini. Hakuna aliyesema nahodha huyo haipendi safari, au hakiamini chombo chake. Kujua njia ya kurudi ndiko kulikomfanya athubutu kwenda mbali. Mwenye nauli ya kurudi mfukoni anabaki kwa sababu anataka kubaki. Hiyo kwangu ndiyo imani yenyewe. Yule anayebaki kwa sababu hana pa kwenda, ujue wewe huna mpenzi, una abiria aliyekwama.

Wengine watanikumbusha kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Kweli kabisa. Ndiyo maana sisemi wote waamue kila kitu kwa pamoja na kwa sauti moja. Pokezaneni. Leo wewe ni nahodha: unaamua tutoke saa ngapi, tulale wapi, tusimame wapi kula. Kesho ni yeye, na wewe unyamaze. Uamuzi mmoja tu hauna zamu, nao ni wa kugeuka. Yeyote kati yenu akisema "turudi" kwa sababu ya usalama au afya, mnageuka, mjadala mtaufanyia nyumbani.

Sambamba na hilo, kubalianeni mapema kikomo cha pesa. Gari kuukuu lina hila moja: haliombi elfu 50 kwa mpigo. Linaomba elfu 3 leo, elfu 5 kesho, elfu 2 za fundi, elfu 8 za pampu, na kila mara mnaambiana "tumeshatoa nyingi, tukiacha sasa tutakuwa tumezitupa." Zile mlizotoa zimeshatoka, hazirudi mkiendelea. Andikeni mkiwa bado Kipevu, vichwa vimetulia: matengenezo yakipita kiasi fulani, gari linaegeshwa, tunapanda basi. Andikeni kwenye karatasi na kila mmoja abaki na picha yake kwenye simu.

Mafuta nayo yapigiwe hesabu mapema. Tuseme nissan yenu ya dizeli inakwenda kilomita 10 kwa lita. Kutoka kwetu hadi Taveta kupitia Voi ni kama kilomita 270, kwenda na kurudi 540, ongezeni michepuko iwe 700. Hizo ni lita 70. Zidisheni kwa bei ya mwezi huo iliyotangazwa na EPRA, kisha ongezeni theluthi moja kwa ajili ya vilima na kupotea njia. Mkiona jumla hiyo inawatoa jasho, safari ipunguzwe, msipunguze nauli ya kurudi.

Kuhusu njia, sisi tumebarikiwa kuliko wengi. Kisiwani wanahesabu feri, sisi barabara ya Dongo Kundu inatutoa upande huu hadi Kwale bila kuvuka Likoni. Kwa hivyo safari ya kwanza isiwe ya kuzunguka nchi. Iwe ya siku tatu. Teremkeni kusini hadi Gazi, muone mikoko ambayo wanakijiji wenyewe wanaitunza kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kisha Shimoni. Hamjafika kilomita 100 kutoka nyumbani. Mkilala mara mbili ndani ya gari kwenye joto lile, mtajua kama chandarua kinatosha, nani anakoroma, nani anaamka na hasira. Kama siku tatu zimewashinda, mshukuru Mungu zimewashinda karibu.

Ya pili iwe Voi na milima ya Taita. Kupanda Wundanyi ndiko kunakojaribu rejeta, na kuteremka ndiko kunakojaribu breki, kwa hivyo mshuke kwa gia ndogo msikanyage breki njia nzima. Mkiweza fikeni ziwa Chala, lile lililoko kwenye shimo la volkano mpakani. Katika Tsavo msilale kando ya barabara. Ndovu hawajui kwamba mko fungate. Tafuteni kambi inayoruhusiwa, na gari lisitembee usiku. Ile barabara ya Mombasa na malori yake inatisha mchana, sembuse gizani na taa dhaifu za gari kuukuu.

Hizo mbili zikienda sawa, ndipo mseme Lunga Lunga, Horohoro na Tanga. Hapo mtahitaji pasipoti au hati ya kusafiria, kitabu cha gari, na ile bima ya kadi ya njano ya COMESA. Mkitaka kaskazini, Malindi na Gede hamna neno, lakini kutoka Garsen kwenda Lamu ulizeni polisi kwanza na mwende mchana, manake njia hiyo imewahi kushambuliwa.

Na jambo moja ambalo nawaomba msilichukulie mzaha: jiko. Msipikie ndani milango ikiwa imefungwa, na makaa yasiingie ndani ya gari mkiwa mmelala, hata kama Taita kuna baridi na mnataka kuota moto. Makaa yanatoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haiwashi macho, na inaua watu usingizini. Mtungi wa gesi nao ufungwe na utolewe nje usiku.

Umebaki upande wa nyumbani. Wengi wenu mnapanga kuondoka kimya kimya, kwa mama unasema semina, kwa baba unasema kazi Nairobi. Kama ndoa bado, kila nyumba ina maadili yake na mimi siwezi kuwapangia. Ila lazima kuwe na mtu mmoja mzima, shangazi, kaka au jirani, anayejua namba ya gari, njia mnayopita, na saa ya kumpigia kila jioni. Mkipitisha saa hiyo, ajue la kufanya. Uongo wenu usiwe sababu ya watu kuanza kuwatafuta Nairobi ilhali mko Taveta.

Na kwa walio kwenye mipango ya harusi nina rai. Zamani hapa pwani bwana na bibi harusi walipewa fungate, siku saba za kukaa ndani na kujuana. Leo watu wanachanga hadi wanakopa kwa ajili ya tenti, keki na mpiga picha wa siku moja, kisha Jumatatu wanaamka na madeni na mtu wasiyemjua sana. Punguzeni tenti moja. Chukueni siku saba ndani ya gari kuukuu mlilolisoma vizuri. Mtajua mengi kumhusu mwenzenu: anavyosema na fundi aliyekosea, anavyogawa chakula kikiwa kidogo, anavyokubali akishindwa. Hayo keki haiwezi kuwaonyesha.

Basi wikendi hii, kabla hamjaenda yadi, kaeni chini wawili. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake mambo matatu: leseni ninayo na gari hili naliendesha au siliendeshi, nauli yangu ya kurudi ni kiasi gani na iko wapi, kikomo changu cha matengenezo ni shilingi ngapi. Badilishaneni karatasi. Mkiona mmoja amejibu yote na mwingine ameacha mapengo, kazi ya kwanza ni kuyajaza, hata kama itachukua miezi sita ya masomo ya udereva na kuweka akiba kidogo kidogo. Gari halitakimbia. Makuukuu hayaishi Mombasa.